Arobaini na Tisa na Kidogo

Jumapili usiku, Kaloleni. Nyumba imelala.
Nimetandaza gazeti la jana mezani, na juu yake
kopo la Kimbo nililolisugua kwa majivu mara tatu.
Ndani, badala ya mafuta, kikuzaji cha santuri
nilichokilehemu kwa mkono wangu
miezi miwili, kila mshahara ulipokubali.

Betri mbili za volti tisa. Stima siiamini.
Maana kinacholetwa na sindano ni kidogo mno,
sehemu tano katika elfu za volti moja,
mnong'ono wa mtu aliyejifunika blanketi;
na mnong'ono wenyewe umepindwa makusudi:
waliochonga sahani waliibana besi
mfereji usije ukavamia shamba la jirani,
wakazipandisha sauti nyembamba juu ya mchakacho.
Kazi ya kopo langu ni kurudisha.
Kilichoshushwa kipande, kilichopandishwa kishuke,
kwa kipimo kile kile, si kwa kukisia.

Sikio halipiti kichwa,
na kichwa changu usiku huu ni cha mzazi,
kitapenda chochote nilichokizaa.
Kwa hiyo napima.

Hezi ishirini. Mia. Elfu moja.
Kompyuta ya kuazima, ya maabara ya shule,
inachora mstari: upande wa kulia
umenyooka kama kamba ya mwashi.
Wa kushoto, ukivuka elfu mbili, unainama
kwa robo tatu ya desibeli.
Namjua mwizi. Ni kapasita ya Luthuli,
ile Dahir aliyoniuzia kwa kiapo.
Imeandikwa thelathini na tatu; mita inasema thelathini na sita.
Naing'oa kwa chuma cha moto. Moshi wa risasi unapanda,
Nekesa anakohoa usingizini, anageukia ukuta.

Naweka nyingine. Pande mbili zinapatana.
Mvumo uko chini kabisa, desibeli sabini na nane,
nusura nipige makofi peke yangu.

Ndipo nikaitoa sahani.
Karatasi yake ya katikati imechunika, jina limebaki mkia: ...undu.
Ni Shiundu, kaka yake mama,
aliyepiga gitaa la besi mara moja tu maishani mbele ya tepu,
chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani, River Road,
akalipwa jozi ya viatu.

Sindano inagusa. Mfereji mtupu: kimya.
Kisha ngoma inaingia, na kwenye kioo
unaota mwiba.
Nalaani friji. Nazima swichi kuu, nyumba yote giza,
kompyuta kwa betri, santuri kwa betri ya pikipiki.
Mwiba upo.
Nakaribia kuusoma: arobaini na tisa na kidogo.
Stima ya leo ni hamsini, jirani akipiga pasi asipige.
Nabandika kikaratasi ukingoni mwa sahani, nahesabu mizunguko
dakika tano nzima, midomo ikitembea kama ya mwenye tasbihi:
mia mbili ishirini na tano. Mwendo ni sawa.

Basi mvumo huu si wangu.
Ni wa chumba kile, wa jioni ile,
jiji limewasha majiko yote na umeme unaburuta miguu.
Au tepu yao ilivuta. Sibishi,
kopo langu halipimi hilo.

Ningeweza kuufuta. Kichujio kimoja,
koili moja na kapasita moja, nina zote kwenye droo.
Chuma bado kina moto.
Lakini noti ya chini anayoirudia mjomba,
ile anayoishika mpaka kidole kichoke,
imekaa papo hapo, juu ya mvumo,
zikipishana polepole, pigo moja kila sekunde tano,
kana kwamba, kwa kukosa wa kumpa sauti,
alifunga nyuzi zake kwa kusikiliza ukuta.
Ukichuja mmoja unamchuja mwenzake.

Nachomoa chuma. Nafungua daftari.
Upande wa kulia: sawa. Upande wa kushoto: sawa.
Mvumo: upo.
Uachwe.